Usiku wa Novemba Nao Una Bei: Biashara ya Yurti Kando ya Maziwa ya Msituni

Mvua ya Novemba kwenye pwani ya Oregon, kaskazini-magharibi mwa Marekani, haifanani na masika yetu. Masika hupiga kwa kishindo, ikakatika, jua likatoka na matope yakaanza kukauka. Ile ya Oregon hunyesha taratibu bila kuchoka, siku tatu, nne, hata wiki nzima. Kwa mwaka, maeneo mengi ya pwani hiyo hupata zaidi ya milimita 1,500, na sehemu kubwa huanguka kati ya Oktoba na Aprili. Dar es Salaam hupata kama 1,100. Zaidi ya hapo, mvua ya kule huja na baridi. Aliyelala kwenye hema la kawaida kando ya ziwa katika hali hiyo huamka godoro limelowa, nguo zimelowa na watoto wana mafua, na humwoni tena mpaka Julai.

Kwa miongo mingi hifadhi za jimbo hilo ziliishi na hasara hiyo kama mkulima anavyoishi na kiangazi. Viwanja vya kambi vilifurika miezi mitatu ya joto, kisha vikabaki kimya. Maji yapo, vyoo vipo, umeme umeshavutwa, askari wa hifadhi wanalipwa mshahara, lami inafika langoni, na mteja hayupo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasimamizi wakajaribu jambo ambalo wakati huo halikuwa limefanywa na hifadhi nyingine za majimbo ya Marekani. Mwaka 1994 walianza kupangisha yurti, na hawakuifunga msimu wa mvua ulipoingia. Mwanzoni bei ya usiku haikufika dola 30. Leo jimbo hilo lina yurti zaidi ya 150, na anayetaka ya Jumamosi ya Agosti hulazimika kuiwania miezi sita kabla, siku ileile dirisha la kuweka nafasi linapofunguliwa.

Agosti si habari, kwa kuwa Agosti hata kiwanja kitupu kina mnunuzi. Ninaloliona kubwa katika biashara hii ni Novemba. Yurti ilipata soko kwa sababu iliweza kuuza usiku ambao kabla yake haukuwa na thamani ya hata senti moja, na kila hesabu ya biashara hii, kuanzia kiwandani Oregon hadi ufukweni Mongolia, inazunguka hapo.

Kwa msomaji wa huku, njia fupi ya kuielewa yurti ni kufikiria msonge, kama ule wa Wahaya, uliojengwa makusudi ili uvunjwe kesho na kupakiwa mgongoni mwa ngamia. Ukuta wake ni fito zilizopishanishwa na kufungwa kwenye maungio, hukunjuka na kukunjika kama lile geti la chuma la kuvuta kwenye mlango wa duka. Juu ya ukuta huo husimama makombamoyo yanayopanda hadi kwenye duara la mbao kileleni, ambalo huingiza mwanga na kutoa moshi. Uzito wa paa huusukuma ukuta utanuke, kwa hiyo mkanda hufungwa kuuzunguka kwa nje na kuuzuia. Mkanda ukikatika, nyumba inalala chini. Juu ya kiunzi hicho, wafugaji wa Asia ya Kati huvika mablanketi mazito ya sufu iliyolowanishwa na kugandamizwa mpaka ikawa kitu kimoja. Wamongolia huita nyumba hiyo ger. Jina yurti limetoka katika lugha za Kituruki, ambako maana yake ni maskani.

Njia iliyoifikisha Oregon ni ndefu kidogo. Mwalimu mmoja wa Marekani, William Coperthwaite, aliiona kwenye makala ya jarida la National Geographic la mwaka 1962 kuhusu Mongolia, iliyoandikwa na jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, William O. Douglas. Coperthwaite alijenga za mbao tupu, akafundisha wanafunzi kujenga, na aliishi katika moja yake kwenye misitu ya Maine hadi alipofariki mwaka 2013. Mwanafunzi wake, Chuck Cox, ndiye aliyepata wazo lililofungua biashara. Mahali pa mkanda wa kusokotwa aliweka kebo ya chuma ya ndege, inayopita juu ya ukuta na kukaza duara lote. Kwa kebo hiyo paa likaweza kubeba theluji, na nguzo za katikati zikawa hazihitajiki.

Wateja wa mwanzo hawakuwa watalii. Miaka ya 1970 misitu ya Oregon ilikuwa ikikatwa kwa kasi na kupandwa upya, na kazi ya kupanda ilifanywa na vijana walioishi porini miezi kadhaa, wengi wao katika ushirika mashuhuri ulioitwa Hoedads. Walihitaji makazi ya kubebeka yanayostahimili mvua, na baadhi yao waliishi kwenye yurti. Mwaka 1978 Alan Bair alianzisha kampuni ya Pacific Yurts huko Cottage Grove, mji mdogo wa wakata mbao. Fito na makombamoyo yake ni ya msonobari wa Douglas unaoota mlimani pale pale, nguo ya paa ni kitambaa kizito kilichopakwa vinaili, kileleni kuna kuba la plastiki angavu badala ya tundu la moshi, na chini ya paa kuna tabaka linalong'aa la kurudisha joto. Kwa nje inafanana na ger, ila malighafi na soko ni vya Oregon.

Mwaka 1994 ulikuwa na jambo jingine. Serikali ya Marekani ilipitisha mpango wa misitu wa kaskazini-magharibi, uliopunguza sana ukataji kwenye misitu ya umma ili kuokoa bundi mwenye madoa na misitu mikongwe anamoishi. Viwanda vya mbao vilikuwa vimeanza kufungwa hata kabla ya hapo. Siwezi kusema kwamba yurti zililipa pengo hilo, kwa maana mshahara wa msafisha kambi haufanani na wa mwendesha msumeno. Hata hivyo msitu ulianza kutafutiwa kipato ukiwa umesimama, na Hifadhi ya William M. Tugman ni mahali pazuri pa kuliona hilo.

Hifadhi hiyo imepewa jina la mhariri wa gazeti la mji wa Eugene aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa kamati ya ushauri ya hifadhi za jimbo. Iko kando ya ziwa Eel, lililozungukwa karibu pande zote na msitu. Ziwa hilo liliwahi kuwa mahali pa kutupia magogo ya wafanyabiashara wa mbao. Baadaye takataka ziliondolewa, samaki wakarudishwa, na sasa wavuvi huja na ndoano zao kutafuta samaki aina ya trauti. Kaskazini kidogo ipo hifadhi ya Jessie M. Honeyman, ambako ziwa Cleawox limekaa kati ya miti na milima ya mchanga. Kote kuwili kuna yurti, zimetawanywa katikati ya miti, kila moja juu ya jukwaa lake la mbao.

Ndani hamna makubwa. Kipenyo ni futi 16, karibu mita tano, na kilele kina mita tatu. Kuna kitanda cha deka chenye godoro pana chini na jembamba juu, kochi linalokunjuka kuwa kitanda, meza, taa, hita ya umeme na mlango wa mbao wenye kufuli. Wanalala watano. Shuka na mablanketi unakuja nayo. Kupika ndani ni marufuku, unapika nje kwenye meko ya chuma, na kuni zinauzwa langoni. Choo na bafu ni vya pamoja na wapiga kambi wengine, ila kwenye zile chache za daraja la juu, kama zilizo kando ya ziwa Marie katika hifadhi ya Umpqua Lighthouse.

Anayesoma orodha hiyo kwa jicho la hoteli ataona mapungufu matupu. Kwa jicho la mhasibu mambo hubadilika. Hakuna mtandika vitanda, hakuna dobi, hakuna mpishi wala mpokea wageni wa usiku kucha. Mgeni anafika na kila kitu, anaondoka na kila kitu, na mfanyakazi mmoja mwenye ufagio na ndoo humaliza yurti kadhaa kabla ya wageni wa jioni hawajafika. Raha anayoinunua ni moja tu, kulala pakavu na penye joto katikati ya msitu unaodondoka maji.

Tupige hesabu, na ieleweke kuwa tarakimu hizi ni za mfano, si za kitabu cha hifadhi yoyote. Tuseme yurti moja, pamoja na jukwaa, waya za umeme, vitanda, usafirishaji na ufundi, imegharimu dola 25,000. Usiku mmoja unauzwa dola 55, na usafi, umeme na uchakavu mdogo mdogo vinakula 20. Zinabaki 35. Ikijaa usiku 90 wa kiangazi, inaleta dola 3,150 kwa mwaka, na mtaji unarudi baada ya karibu miaka minane. Si vibaya, lakini hesabu hiyo inatudanganya. Kiwanja kilekile, bila yurti, kingepangishwa kiangazi chote kwa wenye mahema yao. Kama kingelipiwa dola 22 kwa usiku, basi kilichoongezwa na yurti si 35, ni 13. Kwa usiku 90 ni dola 1,170. Kwa mwendo huo mtaji ungerudi baada ya miaka 21, na kitambaa cha paa hakiishi miaka 21.

Sasa ongeza usiku 110 wa kati ya Oktoba na Mei, ambao kiwanja kitupu kisingemwona mtu. Hapo dola 35 zote ni nyongeza halali, na jumla yake ni 3,850 kwa mwaka. Ukizichanganya na zile za kiangazi, mtaji unarudi katika mwaka wa tano. Kumbe pesa nyingi inazoongeza yurti hutoka miezi ambayo hakuna anayeipiga picha ya matangazo.

Na ni nani anayelala huko Novemba? Mtalii kutoka Ujerumani au Japani hayupo. Wateja ni familia za Portland, Salem na Eugene, saa mbili au tatu kwa gari, walioondoka Ijumaa baada ya kazi. Ni wastaafu wanaokuja kutazama mawimbi ya dhoruba, ni wavuvi, ni bibi na wajukuu. Mtu huyo hana haja ya kupanda ndege na halipi viza. Akiona utabiri wa hali ya hewa haumtishi tena, anakuja. Msimu wa wageni wachache huokolewa na jirani, na jirani huyo ana mfuko wa kawaida, ndiyo maana bei lazima ibaki anayoweza kuilipa mara tatu kwa mwaka.

Hapo pana jambo la sera ambalo wenzetu wanaopenda kusema "serikali haiwezi biashara" walitazame vizuri. Hifadhi za Oregon haziendeshwi kwa kodi ya kawaida ya jimbo. Mwaka 1998 wapigakura waliamua asilimia 15 ya mapato ya bahati nasibu ya jimbo igawanywe kati ya hifadhi na ulinzi wa mito na makazi ya samaki, na mwaka 2010 wakaufanya mgawo huo kuwa wa kudumu. Kinachobaki hutafutwa kwa ada za wageni na za magari ya kulala. Kwa hiyo meneja wa kambi ana sababu ya kuutaka usiku wa Novemba, kwa kuwa una sehemu katika mshahara wake na katika bati la choo chake. Kuna taasisi za umma, za kwetu pia, ambazo pesa ya langoni ikiondoka asubuhi hairudi tena, na anayesimamia lango hana sababu ya kuhangaika na mvua.

Adui wa biashara hii ni unyevu. Kitambaa cha vinaili hakipumui kama sufu. Watu watano wakilala ndani, na makoti yao yaliyolowa, asubuhi jasho la nyumba linatiririka ukutani, na mahali jua lisipofika panaota ukungu mweusi. Sindano za misonobari huanguka juu ya paa na kuoza. Paa lazima lioshwe, miti iliyo karibu ipunguzwe matawi, hewa iachwe ipite. Hata kwa matunzo mema, kitambaa cha paa hudumu kama miaka 10 hadi 15, kisha kinaagizwa kingine. Kwa mwenye kambi hilo ni deni linalokuja tu, hata kama hakulitengea akiba. Kwa kiwanda ni neema, maana kila yurti iliyouzwa mwaka 1995 ilirudi kuwa mteja. Vibanda vya mbao hugharimu zaidi mwanzoni na hudumu zaidi, na mameneja wengi wa kambi hupima mambo hayo mawili kila bajeti inapoandaliwa.

Pacific Yurts haiko peke yake sokoni. Colorado Yurt Company ya mji wa Montrose na Rainier ya jimbo la Washington ni majina yanayofahamika, na wapo mafundi wadogo Alaska, Uingereza na Ufaransa. Tangu majukwaa ya kupangisha malazi kama Airbnb yaenee, mnunuzi hahitaji tena kuwa hifadhi ya serikali. Mwenye ekari mbili za msitu na kidimbwi anaweza kuweka moja, ilimradi halmashauri yake imkubalie choo na njia ya zimamoto. Wengi wa hawa huanza kwa picha nzuri na kushtuliwa na hesabu ya paa.

Kanada wamelisukuma wazo hilo mpaka kwenye theluji. Katika hifadhi ya Algonquin, jimboni Ontario, kambi ya ziwa Mew hubaki wazi mwaka mzima, na yurti zake hupokea watu wanaokuja kuteleza kwa skii wakati joto limeshuka kwa nyuzi nyingi chini ya sifuri. Algonquin ilianzishwa mwaka 1893, na maelfu ya maziwa yake yamewazoesha watu kuiona kama eneo la mtumbwi na kiangazi. Sasa Februari nayo ina wateja.

Je, hesabu hii inavuka bahari kuja kwetu? Sehemu moja inavuka. Kambi nyingi za kusini na magharibi mwa Tanzania hufungwa Aprili na Mei, na ukiuliza sababu utaambiwa ni mvua. Miaka kadhaa iliyopita nililala kando ya ziwa moja la Bonde la Ufa mwezi wa Aprili. Usiku kucha mbingu zilifunguka, na hema halikuvuja tone. Lilikuwa turubai zuri, limeshonwa na mafundi wetu wa Afrika Mashariki, ambao kwa kushona mahema ya kambi hawana cha kujifunza kwa mtu. Kilichotushinda ni kilomita nane za udongo mweusi kati yetu na lami. Tulikaa siku mbili zaidi ya tulizolipia, na gari la mboga lililokuja kutuokoa nalo likakwama. Oregon walikuwa na barabara wakakosa kitanda kikavu. Sisi kitanda tunacho, tunakosa barabara. Kuagiza yurti kutoka ng'ambo kungekuwa kutibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Lakini yapo maziwa ya msituni yaliyokwisha kufikiwa na lami. Duluti, ziwa la kreta pale Tengeru, limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Liko karibu kabisa na barabara kuu ya Arusha na Moshi, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu laki sita katika Jiji la Arusha. Watu huja mchana, wanatembea kuzunguka ziwa, wanapiga makasia, wanakula, kisha jioni wanarudi mjini. Nauona usiku wa pale kama mali iliyolala. Wa kuununua ni mwalimu wa Njiro na fundi wa Sakina pamoja na wanawe, kwa bei inayolingana na mfuko wao, na nyumba ya kulala inaweza kuwa msonge wa turubai ulioshonwa mjini. Tulipofungiwa mipaka mwaka 2020 tulilia kwamba wageni wameisha. Jirani alikuwepo, ila hatukuwa na cha kumuuzia usiku.

Tukirudi kwenye asili ya nyumba yenyewe, hali ya biashara ni nyingine kabisa. Kirigizistani, ambako duara la kilele cha yurti limechorwa katikati ya bendera ya taifa, kijiji cha Kyzyl-Tuu karibu na ziwa Issyk-Kul kinaishi kwa kuzitengeneza. Wanaume hukunja fito za mti wa mwerebi, ule unaopenda kuota kando ya maji, kwa mvuke. Wanawake hugandamiza sufu, husuka mikeka ya matete yenye nakshi na mikanda ya rangi. Kazi hugawanywa kati ya nyumba na nyumba, na oda moja kubwa hupita mikononi mwa ukoo mzima. UNESCO iliuingiza ufundi wa ger ya Mongolia kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2013, na wa yurti za Wakirigizi na Wakazaki mwaka 2014. Heshima hiyo ni njema. Kinachoshikilia ufundi, hata hivyo, ni oda, na kambi za watalii zimekuwa miongoni mwa wanunuzi wake wa kutegemewa.

Kwa kambi za ziwani zenye msitu mgongoni, hakuna mahali panaposhinda Khövsgöl, kaskazini mwa Mongolia. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 136 na kina cha mita 262, na limebeba karibu asilimia 70 ya maji baridi ya nchi nzima. Liko mita 1,645 juu ya usawa wa bahari, mahali nyika inapokutana na msitu mkubwa wa Siberia. Maji yake hutoka kusini kwa mto Egiin, hujiunga na Selenge na kuishia ziwa Baikal la Urusi. Tangu 1992 ni hifadhi ya taifa. Mji wa mlangoni, Khatgal, uliwahi kuishi kwa kiwanda cha kuosha sufu na kwa kupitisha mafuta kutoka Urusi. Kazi hizo zilipoisha, watalii ndio waliobaki.

Kambi za ger zimepangwa kwenye ufuko wa magharibi, zikipakana na miti ya lachi, jamii ya misonobari inayopukutisha majani yake kila vuli. Kila ger ina mlango wa mbao wenye rangi unaotazama kusini, vitanda vimeegemea ukuta, na katikati jiko la bati lenye dohani inayopenya kileleni. Alfajiri mfanyakazi wa kambi huingia kimyakimya na kuwasha kuni kabla wageni hawajaamka, kwa sababu hata Julai usiku wa huko una meno. Wateja wengi wa Julai, wakati wa sikukuu ya Naadam, ni Wamongolia wenyewe kutoka Ulaanbaatar, ambao nao wanapenda kulala kwenye nyumba ya babu zao. Lami ya kutoka mji wa Mörön imewasogeza karibu.

Tatizo la Khövsgöl ni kalenda. Ziwa huganda kuanzia Desemba na barafu haimaliziki mpaka Mei au Juni. Kambi hupata kama siku 90 za biashara, na ndani ya siku hizo wanataka kulipia mwaka mzima. Kwa hiyo watu wengi hurundikana mahali pamoja kwa muda mfupi, tena kwenye ufuko ambao udongo wake haumezi maji machafu kwa haraka. Mwaka 2014 watafiti waliovuta nyavu juu ya ziwa walichapisha kwamba walikuta wastani wa zaidi ya vipande 20,000 vidogo vya plastiki kwa kila kilomita moja ya mraba. Vipande vilizidi karibu na ufuko wa kusini-magharibi, upande wenye watu. Ziwa hilo halina mji mkubwa wala kiwanda kando yake. Ni chupa, mifuko na nyavu tu, vilivyosagwa na jua na mawimbi, katika maji ambayo hukaa ziwani kwa karne nyingi kabla ya kutoka.

Hili linanigusa kuliko faida yoyote niliyoipigia hesabu hapo juu. Mwenye kambi anayechimba choo cha shimo hatua chache kutoka majini anakula mtaji wake mwenyewe, na wa wajukuu wake. Mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Asia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 38 kwa utalii endelevu wa Mongolia, na Khövsgöl ni sehemu yake, kwa ajili ya mambo yasiyopendeza kwenye picha: usafishaji wa maji taka, vyoo, maegesho, taka. Mkopo wa aina hiyo ungekuwa na maana kubwa zaidi kama mapato ya ziwa yasingebanwa kwenye siku 90.

Mwanzoni mwa Machi, hata hivyo, kuna siku chache za ajabu. Barafu inapita unene wa mita moja, na watu hukusanyika juu yake karibu na Khatgal kwa tamasha la barafu. Farasi huvuta sleji, magari hupita mahali boti zilipopita, na vijana hushindana kuvutana kamba wakiteleza. Kambi nyingi za ufukweni zimefungwa wakati huo, kwa sababu kuwasha moto kwenye ger 30 zilizopoa tangu Septemba kunameza kuni nyingi kuliko mapato. Wageni hulala kwenye nyumba za wageni za mjini, na wengine kwa familia zenye ger zao. Familia hizo zimekaa humo majira yote ya baridi. Sufu imeongezwa tabaka tangu vuli, kuni za lachi zimepangwa ukutani, chai ya maziwa yenye chumvi iko jikoni. Mgeni akibisha hodi, moto umeshawaka, na gharama ya kumlaza ni nafasi ya kitanda kimoja.